Pini za Bati na Mayai ya Zombe

Kitui, Jumapili, baada ya kanisa

Mutheu, mwaitu,

Wewe na mdogo wako Kyalo mmeenda kuwaaga majirani, na baba yako ametoka kutafuta kamba ya kufungia sanduku lako, ingawa nyumba hii imejaa kamba. Nimebaki peke yangu na meza ya kazi. Nimesukuma kando koleo na solda, nikapata mahali pa kuweka karatasi.

Sitakuandikia juu ya sweta wala baridi ya Eldoret, wala kula kabla ya kutoka asubuhi. Hayo utaambiwa na kila mtu mpaka stendi. Nataka kurudia swali uliloniuliza jana tukichagua ndengu pale nje.

Ulisema, "Mum, kazi yangu ya kwanza huko ni kuchagua pini za bodi ya mita ya maji. Zile heda. Wewe huwa unachagua aje?"

Nami nikakujibu nikitupa kijiwe, "Soma karatasi ya kiwanda. Angalia ampea, angalia nafasi kati ya pini na pini, basi."

Ukasema sawa, tukaendelea na ndengu. Lakini nililala na hilo jibu langu na halikunipendeza. Ni jibu sahihi. Ni jibu ambalo hata mtu ambaye hajawahi kuunguza kitu cha mwenzake angeweza kukupa.

Leo mchungaji ameniuliza mlangoni unaenda kufanya kazi gani hasa. Nikamwambia: kwenye bodi za umeme kuna safu za pini ndogo zinasimama kama meno ya kitana, na juu yake kunaingia soketi ya plastiki yenye nyaya. Hapo ndipo kitu kimoja kinaungana na kingine na hapo ndipo kinaweza kutenganishwa. Binti yangu atachagua ni pini gani zitumike. Akacheka, kwa upole, unamjua. "Kumbe kitana! Na hiyo pia inasomewa chuo?"

Nilicheka naye. Moyoni nilikuwa nawaza kule Zombe.

Wewe Zombe unaijua kwa sababu ya Syombua, ambaye kila Krismasi anakutumia jogoo aliyefungwa miguu. Hujui desturi hiyo ya jogoo ilianzia wapi. Tena ukiwa darasa la nne uliniuliza kwa nini tulikupeleka Mbooni kwa susu, bibi yako, muhula mzima, nami nikasema walimu wa huko ni wazuri. Walikuwa wazuri kweli. Lakini hiyo siyo sababu, na sasa umekuwa mkubwa wa kutosha kuijua.

Mwaka ule wa Mbooni mimi na baba yako tulikuwa tumeanza kutengeneza mashine za kuangua vifaranga. Yeye alikuwa seremala wa vitanda na makabati, mimi nilikuwa fundi wa redio ambaye watu wameacha kumletea redio. Siku moja akaniambia, "Mimi nikitengeneza boksi, wewe utaweza kutengeneza akili yake?" Nikasema naweza. Akaunda boksi la kuta mbili, katikati akashindilia takataka za randa ili joto lisitoke. Mimi nikaunda bodi. Ndani ya boksi, karibu na mayai, niliweka kipimajoto kidogo kama mbegu ya papai. Waya wake ulikuja mpaka kwenye bodi ukaingia kwa pini. Joto likishuka, bodi inawasha hita. Likifika, inazima. Hiyo ndiyo ilikuwa akili yote ya mashine.

Tulifanya kazi kwenye meza moja. Yeye akipiga randa, maganda ya mbao yananirukia kwenye solda, nagomba, anacheka. Tulikuwa na furaha na hatukujua kwamba hiyo ndiyo furaha yenyewe.

Sasa, zile pini. Nilienda kununua kwenye duka la vipuri, na mwenye duka alikuwa na aina mbili kwenye kisanduku, nyeupe na za njano. Nikamuuliza tofauti ni gani.

"Rangi," akasema.

Nikachukua nyeupe. Zilikuwa za bei nafuu na zilikuwa zinang'aa. Sikuuliza mtu mwingine. Nilikuwa mwanamke pekee anayeshika solda katika mtaa wetu, watu wakiingia kwa duka bado wanachungulia nyuma yangu wakitafuta fundi yuko wapi, na nilikuwa nimeapa kwamba hakuna atakayeniona nikiuliza swali la mtoto. Mwaitu, hicho kiapo kilinigharimu. Wewe ukifika huko, uliza swali la mtoto siku ya kwanza, wakati bado wanalitarajia.

Mashine ya kwanza tuliuza hapa mjini, ya pili kwa mwalimu wa Migwani, nyumbani kwetu nilikozaliwa. Zote ziliangua vizuri. Ya tatu ikaenda Zombe, kwa kikundi cha akina mama ambacho mwenyekiti wake alikuwa Syombua. Mvua ilikuwa imekataa misimu miwili na mbuzi walikuwa wamekwisha. Wale wamama walikuwa wameamua kuanza upya na kuku. Kila mmoja alileta mayai ya kuku wake, akayatia alama yake kwa mkaa, huyu mstari, huyu msalaba, huyu nukta. Kulikuwa na mama mzee, Mama Kavinya, aliyeleta mayai yote aliyokuwa nayo kwenye sufuria yenye majivu, na alipoyapanga alikuwa anaongea nayo. Wakaomba juu ya mashine. Syombua ndiye aliyeomba, na sauti yake unaijua, nadhani hata mayai yalisikia.

Baada ya wiki tatu akanipigia.

"Mama Mutheu, hakuna kitu imetoka."

"Hata moja?"

"Tumepasua. Imeiva. Iko kama ya kula na chumvi."

Nilienda siku hiyo hiyo. Nilisalimia nusu, nikafungua kifuniko cha bodi, nikachomoa waya wa kipimajoto, nikapima, nikarudisha. Kila kitu kilikuwa sawa. Nikakaa nayo saa moja, joto limetulia kama maji ya mtungi. Nikawaambia, "Shida ni mlango. Mnafungua mlango kila mara kuangalia, joto linapotea."

Syombua akanitazama. "Joto ikipotea, yai inaiva?"

Nikasema inategemea. Mutheu, mpaka leo sijui nilimaanisha inategemea nini. Nilikuwa tu sitaki kusimama pale bila jibu. Wale wamama wakaanza kutazamana wao kwa wao, nani alikuwa anafungua, nani ana mikono mingi. Mama Kavinya akasema polepole kwamba yeye aliwahi kufungua mara moja, kuyaona tu. Nikamwacha aamini ni yeye. Nikapanda pikipiki nikarudi Kitui.

Wakajaza mashine tena. Mimi nikarudi nyumbani na kuanza vita na baba yako.

Kwa sababu kama si mlango, basi ni boksi. Bodi nilikuwa nimeipima kwa mikono yangu.

"Boksi lako linavuja," nikamwambia. "Joto linatoka upande mmoja linajaa upande mwingine."

"Boksi ni ile ile niliyotengenezea mwalimu wa Migwani. Ya Migwani inavuja?"

"Labda mbao zilikuwa mbichi."

Hilo neno ndilo lililomuuma. Baba yako hajawahi kutumia mbao mbichi hata kwa stuli ya kukalia kuku. Aliweka randa chini, akasema, "Mbao haijui kudanganya. Waya ndio zinajua."

Kesho yake alihamisha vifaa vyake kutoka kwenye meza yetu akavipeleka nje, chini ya mabati. Tukaanza kuongea kupitia kwako. Mutheu, mwambie mama yako kuna mteja. Mutheu, mwambie baba yako chakula kiko tayari. Wewe ulikuwa unakimbia katikati na ujumbe kama tarishi, mwanzoni ukifurahia, halafu ukaacha kufurahia. Ukaacha pia kumaliza chakula. Mwalimu wako akaniita akaniuliza, "Huyu mtoto nyumbani kuko sawa?" Nikasema kuko sawa. Jumamosi hiyo tulikupeleka Mbooni.

Bibi yako, ambaye umebeba jina lake, na ndiyo maana nakuita mwaitu, yaani mama, hakutuuliza kitu. Alikupa muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, akatusindikiza mpaka barabarani, akasema, "Mtoto atakaa. Nyinyi endeni mkamalize hiyo kitu yenu." Nilipanda gari nikatazama dirishani mpaka tukavuka vile vilima vya Mbooni, baba yako akatazama dirisha la upande wake.

Mayai ya pili nayo yakaharibika. Safari hii ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu vifaranga walikuwa wameanza kuumbika. Syombua alinipigia akaniambia kwa sauti ya chini, na hiyo sauti ya chini ndiyo iliyonitisha. Alisema wamama wengine wanataka kujitoa. Alisema Mama Kavinya hatoki nje.

Kulikuwa na mtu wa Kibwezi aliyekuwa ameagiza mashine. Nilikuwa nimemaliza bodi yake, iko pale kwenye rafu, inafanya kazi. Nilimpigia nikamwambia asubiri. Akaniuliza kwani ina shida gani. Nikamwambia, "Sijui." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwambia mteja hivyo, na nilidhani atakata simu na asirudi tena. Akasema, "Sawa mama, ukijua utaniambia." Ni hivyo tu. Miaka yote hiyo nilikuwa naogopa neno ambalo watu wanalipokea kama salamu.

Tukaenda Zombe pamoja, mimi na baba yako, kwa pikapu ya jirani. Yeye alikuwa amebeba boksi jipya nyuma, mimi nimeshika bodi mpya mapajani. Kila mmoja alikuwa anaenda kuthibitisha mwenzake ndiye mwenye makosa. Vumbi lilituingia mpaka kwenye meno.

Mashine ilikuwa imewekwa kwenye stoo ya Syombua, juu ya benchi lililoegemea ukuta. Nilipoingia nikanyoosha mkono kwenye kifuniko kama kawaida.

"Mama Mutheu, wacha," Syombua akasema. "Wewe ukikuja unafungua hata kabla hujakaa. Leo utakaa. Utakunywa chai. Halafu tuone."

Nikakaa. Baba yako akakaa upande wa pili, boksi lake kati ya magoti. Wakaja wamama wengine, Mama Kavinya akiwa wa mwisho, akakaa karibu na mlango. Mashine ilikuwa imewashwa tupu, bila mayai, namba za joto zinaonekana kwenye kioo kidogo cha bodi, na mle ndani, nyuma ya dirisha la mlango, Syombua alikuwa ametundika kipimajoto cha kioo alichoazima zahanati. Vyote viwili vilisema kitu kimoja. Tukanywa chai. Nilikuwa namaliza kikombe, nimeanza kujisikia mjinga, wakati upande wa pili wa ukuta kinu cha kusaga posho kilipowashwa.

Ulishasikia vile vinu vya dizeli vinavyoanza. Kwanza kinakohoa, halafu kinanguruma, halafu hata kijiko kwenye kikombe kinacheza. Wamama wa Zombe hawakugeuza hata kichwa. Wameishi na hiyo sauti. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye kile kioo cha bodi, na niliona namba inashuka. Ikashuka, ikaruka, ikashuka tena. Taa ya hita ikawaka na ikabaki inawaka. Nikatazama kile kipimajoto cha kioo: chenyewe kilikuwa kinapanda.

Mashine ilikuwa inadhani kuna baridi, na ilikuwa inapika.

Baba yako alikuwa ameshasimama. Aliweka kiganja kwenye ukuta, kingine kwenye benchi. "Inatetemeka," akasema. "Kutoka kwa ukuta inaingia kwa benchi." Syombua akamwita mwenye kinu kwa sauti yake ya kanisani, kinu kikazimwa. Kukawa kimya. Nilifungua kifuniko, na safari hii sikuchomoa kitu. Nilichukua kijiti nikausukuma ule waya wa kipimajoto kidogo tu, kama unavyoamsha mtu aliyelala. Namba zikaruka kama panzi.

Ndipo nikachomoa. Kwenye zile pini nyeupe, pale tu soketi inapogusa, kulikuwa na weusi mwembamba kama masizi.

Nilikuja kusoma baadaye ni nini. Pini nyeupe zimepakwa bati. Bati likisuguliwa kidogo kidogo, mtetemo mdogo wa kila siku, linafanya kutu yake, weusi ule, na umeme mdogo wa kipimajoto unashindwa kupita. Bodi ikikosa habari za kipimajoto, ile yangu, jinsi nilivyokuwa nimeiunda, inasoma kwamba kuna baridi. Na kila nilipokuja Zombe, nilichomoa na kurudisha kabla ya kitu kingine chochote, na huko kuchomoa kulikuwa kunafuta ule weusi. Nilikuwa namponya mgonjwa kabla ya kumpima, halafu nasema si mgonjwa. Zile za njano, za dhahabu, hazifanyi hivyo, mradi pini na soketi zote ziwe za dhahabu. Kumbe haikuwa rangi.

Lakini pale kwenye stoo sikuwa najua hayo yote. Nilijua tu kwamba si boksi. Niliinua kichwa nikamtazama baba yako, nikingoja. Alikuwa na haki ya kusema. Mimi ningekuwa yeye, ningesema, na ningesema mpaka Kitui.

Alitazama zile pini kwa muda mrefu, akazigusa kwa ukucha.

"Sasa tufanye nini?" akaniuliza.

Nilikuwa sijasikia hiyo "tu" yake tangu siku ya mbao mbichi. Nilijifanya natafuta kitu kwenye mfuko ili machozi yaishe.

Halafu nikasimama mbele ya wale wamama. Nikawaambia kwa Kikamba, ili hata Mama Kavinya asipoteze neno, kwamba ni pini zangu. Si mikono yao, si mlango, si boksi la mume wangu. Mimi ndiye niliyezichagua na sikuuliza, na nilipowaambia ni mlango nilikuwa sijui.

Syombua akawageukia wenzake. "Mmesikia? Si mikono yetu."

Mama Kavinya akaniuliza, "Na sasa itaacha kupika?"

"Itaacha."

Akafikiri. "Basi kuku yangu imeanza kutaga tena," akasema. "Nitaleta."

Siku hiyo tulikata zile pini zote, nikashikisha waya moja kwa moja kwenye bodi kwa solda. Baba yako akalisogeza benchi mbali na ukuta, akakata vipande vya tairi kuukuu akaviweka chini ya miguu yake. Lile boksi jipya tulilokuja nalo tuliliacha kwa Syombua. Likawa nyumba ya vifaranga.

Walipoangua, Syombua alipiga simu asubuhi, baba yako akiwa amesharudi kwenye meza yetu. Hakusema halo. Aliishikilia simu ndani ya mashine. Niliiweka kwa sauti ya juu, tukasikia ile piu piu piu, nyingi, zinapandana, na nyuma yake wamama wanapiga vigelegele. Baba yako alisimama na randa mkononi. Tulisikiliza mpaka simu ikakata yenyewe kwa kuisha salio.

Kesho yake tulikuja Mbooni kukuchukua. Utakumbuka tulifika sote wawili na tumekuletea viatu. Ulitutazama mmoja mmoja, halafu ukamuuliza susu kama bado kuna muthokoi.

Hiyo ndiyo Zombe. Lakini usifikiri nilitoka huko nimejua kuchagua. Nilijua tu kuogopa. Nikaanza kushikisha kila waya kwa solda, bila pini hata moja, nikijisifu kwamba sasa hakuna kitu kitalegea. Mwaka uliofuata kipimajoto cha Zombe kikafa chenyewe, kifo cha kawaida, na kwa sababu nilikuwa nimekishikisha, hakuna aliyeweza kukibadilisha kule. Walibeba mashine nzima mpaka Kitui, mayai yakiwa yamehamishiwa chini ya kuku wa jirani. Syombua alinitazama nikiyeyusha solda kukitoa, akasema, "Si ungeweka kitu tunaweza kutoa na mkono?" Alikuwa amesema kweli. Pini zipo kwa sababu siku moja mtu atataka kutenganisha, na mtu huyo hatakuwa wewe.

Basi nikaanza kujifunza upya. Kwa kipimajoto nilichukua za dhahabu, pini na soketi, zenye kifuli kidogo cha plastiki kinacholia ta! kikikaa sawa. Nilikipenda hicho kilio kwa sababu mtu anaweza kukisikia hata kama haoni vizuri. Kwa feni nikadhani sihitaji kujisumbua, nikaweka za wazi zinazoingia upande wowote, mpaka baba yako mwenyewe, akipaka vanishi, alipochomoa feni na kuirudisha kinyume. Moshi ulitoka. Alinijia akiwa amebeba bodi kwa vidole viwili kama panya aliyekufa, akasema, "Hii kitu ilikubali kuingia." Sikugomba. Kama kitu kinakubali kuingia vibaya, siku moja kitaingizwa vibaya, na aliyekichagua ndiye aliyekikubalia. Tangu hapo kila kiungo changu kina kigingi upande mmoja. Na upande unaotoka umeme nauweka uwe wa matundu, si wa pini, kwa sababu bisibisi iliwahi kuangukia pini zilizo wazi hapa mezani na nikaona cheche mpaka wiki nzima.

Sasa nikiwa nachagua, nafunga macho kwanza namwona yule atakayeshika. Mikono yake ina unga? Anaona? Ukuta wake unatetemeka? Akikosea, ni nani atakayelaumiwa? Baada ya hapo ndipo nafungua karatasi ya kiwanda, na karatasi inanijibu haraka.

Lakini, mwaitu, usichague zangu. Hilo ndilo nililotaka kukuambia zaidi, na nimezunguka mpaka Zombe kulifikia. Mita ya maji inakaa ndani ya shimo, kwenye unyevu, labda miaka bila mtu kuifungua. Hakuna kinu, kuna tope. Huenda kwako kiungo kizuri ni kile kilichofunikwa kabisa na utomvu wa plastiki unaoganda. Huenda ni kutoweka kiungo chochote. Sijui. Mimi ni fundi wa vifaranga. Nenda ukaone hayo mashimo. Waombe wakupeleke kwa msoma mita, mtembee naye siku nzima, umwone anavyoinama, umwulize ni nini kinamchosha. Wakikuambia hakuna haja, kwamba jibu liko kwenye kompyuta, nenda Jumamosi yako.

Na utakosea. Nakuambia bila kukutisha. Kuna kitu kidogo utakichagua na kitakataa, mahali mbali, kwa mtu usiyemjua. Siku hiyo usikimbilie kusema ni mlango. Sema sijui, halafu ukae chini unywe chai ya watu mpaka ujue. Ukiweza kufanya hilo, mimi sina wasiwasi na wewe. Sina kabisa. Jana ulipouliza, "Wewe huwa unachagua aje?" nilisikia kitu ambacho mimi nilichelewa kukipata: uliuliza kabla ya kununua.

Nawasikia kwenye njia, wewe na Kyalo, mnacheka. Baba yako amesharudi, yuko nje anakunja kamba mpya. Kesho atakubebea sanduku mpaka stendi na atakuambia hawezi kukaa, ana kabati la mtu la kumaliza. Mwache aseme hivyo. Hakuna kabati. Alilipeleka kwa mwenyewe juzi, akafanya kazi mpaka giza ili kesho iwe tupu. Gari likianza kuondoka, geuka umpungie mkono, na umpungie kwa muda mrefu.

Mama yako